Mawimbi yaliyomo ndani ya mawingu ya usiku

Usiku wa mwezi Juni hapa Kühlungsborn, kwenye pwani ya Baltiki ya Ujerumani, giza halikamiliki. Saa saba usiku jua liko nyuzi 12 hivi tu chini ya upeo wa macho. Mawingu ya kawaida yameshaingia kivulini, yamekuwa meusi, lakini nyuma yao upande wa kaskazini unatanda utando wa rangi ya fedha na samawati: wingu lililo juu kiasi kwamba jua bado linalimulika. Huo naupiga picha kila baada ya sekunde 15 hadi alfajiri.

Utando huo ni barafu. Chembe moja ina ukubwa wa takriban sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele, nayo huganda kwenye vumbi la vimondo, kilomita 83 hivi kutoka ardhini, mahali ambapo baridi hupita nyuzi 120 chini ya sifuri. Mwanaastronomia Otto Jesse wa Berlin aliupima urefu huo mwishoni mwa karne ya 19 kwa kulinganisha picha zilizopigwa kutoka sehemu mbalimbali. Alipata kilomita 82, na vipimo vya leza vya leo vinamuunga mkono.

Wingu ninaloliona nyuzi 10 juu ya upeo liko umbali wa kilomita 400: kaskazini moja kwa moja, hapo ni juu ya Göteborg, Uswidi. Nikishusha macho hadi nyuzi 5, umbali unafika kilomita 600. Kwa hiyo michirizi inayoonekana kubanana kule chini haikubanana kweli. Lazima kwanza niinyooshe picha na kuilaza juu ya ramani, ndipo nipime.

Msimu wangu wa kwanza niliifuata mikanda mirefu inayoonekana ndani ya wingu, nikapima mwendo wake na kuandika kwamba huo ni upepo. Nilikosea. Wimbi likija ufukweni, maji ya kule mbali hayaji nalo. Ngalawa iliyotia nanga hupanda na kushuka palepale. Mkanda nao ni wimbi linalopita ndani ya wingu. Upepo huonekana kwenye vifundo vidogo vya wingu lenyewe, na kuna usiku vifundo huelekea kusini magharibi ilhali mikanda inakwenda kaskazini mashariki, kila kimoja na njia yake.

Halafu kuna viwimbi vyembamba, kilomita 5 hadi 10 kati ya kimoja na kingine. Hivi huzaliwa pale tabaka moja la hewa linapoteleza juu ya jingine kwa kasi tofauti. Hujiviringa, hukatika, na ndani ya dakika chache vimetoweka. Julai 2018 puto la NASA liliruka kutoka kituo cha Esrange, Uswidi, hadi Kanada kwa siku tano, likarudi na picha karibu milioni sita za misukosuko ya namna hii. Mimi nimezitazama saa nyingi na bado sijashiba.

Kinachonishika zaidi ni hiki. Kiangazi jua halitui kwenye ncha ya dunia, lakini huko juu ndio wakati wa baridi kali kuliko yote ya mwaka. Sababu ni mawimbi. Huanzia huku chini, kwenye dhoruba na kwenye upepo unaogonga milima. Kadiri yanavyopanda hewa inakuwa nyepesi, nayo yanakua, mwisho yanavunjika na kuusukuma mzunguko mzima wa hewa. Hewa hupanda juu ya ncha yenye kiangazi, hutanuka, hupoa. Bila kuvunjika huko barafu isingeganda, na mimi nisingekuwa na wingu la kutazama.

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kama wataliona. Hapana, anga ya juu ya tropiki haifikii baridi hiyo. Mawimbi yenyewe yapo: mvua za radi za Bonde la Kongo huyarusha juu kwa wingi, na kamera maalumu huyanasa kwenye mng'ao hafifu wa hewa, usiku usio na mwezi.