Chumvi haizuii kofia kuchuja rangi

Nimeletewa tena kofia ya pamba iliyotiwa rangi nyeusi nyumbani, ikachuja ilipofuliwa mara ya pili na kuacha madoa ya kijivu kwenye kola ya shati, na mwenyewe akanieleza kwa uhakika kamili kwamba kosa lake lilikuwa kuweka chumvi kidogo. Hapana. Hata angeweka gunia zima, rangi ile ingechuja, kwa sababu chumvi haishikizi rangi kwenye kitambaa, na kazi hiyo haijawahi kuwa yake.

Pamba ikiwa ndani ya maji huwa na chaji hasi kidogo, na molekuli za rangi zinazotumika kwa pamba nazo huwa na chaji hasi, hivyo vitu hivi viwili husukumana. Chumvi hupunguza kusukumana huko, rangi ikatoka majini na kusogea kwenye nyuzi, na kazi yake huishia hapo. Kinachoishikiza, kwa rangi za reaktivu, yaani zile zinazoungana na nyuzi kikemia, zilizoingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, ni magadi soda, yaani sodiamu kaboneti, wala si ile soda ya kuumulia maandazi. Magadi hupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu au ualkali wake, hadi karibu 10.5 au 11, ndipo selulosi ya pamba inapoungana na rangi kikemia. Lakini sehemu ya rangi huungana na maji badala ya pamba, na hiyo haitashika tena kamwe. Ndiyo maana maji ya kusuuzia hutoka na rangi mara nyingi hata pale kazi ilipofanyika vizuri. Watu huyaona maji hayo, wakaingiwa na hofu, wakaongeza chumvi. Suuzeni tu!

Zile pakiti za rangi zinazoandikwa kuwa zinafaa vitambaa vingi ni habari nyingine. Rangi ya pamba iliyomo ndani yake hukaa kwenye nyuzi bila muungano wa aina hiyo. Chumvi na maji ya moto huifanya ikolee, lakini itaendelea kuchuja kidogo kidogo, kwa hiyo kofia hiyo ifuliwe peke yake, kwa maji baridi.

Siki nayo ina mahali pake: husaidia rangi za asidi kushika sufu, hariri na nailoni. Ukiimimina kwenye ndoo ya rangi ya reaktivu, unaua nguvu ya magadi yaleyale uliyoyaweka kwa makusudi.

Poliesta iacheni, kwa sababu inahitaji rangi yake maalumu na maji yanayokaribia kuchemka, na mdomo wa kofia uliotengenezwa kwa karatasi ngumu hauvumilii hata kulowekwa. Sufu nayo ikikorogwa kwenye maji ya moto husinyaa.

Kabla ya yote, funua utepe wa jasho uliomo ndani ya kofia na utazame kitambaa kilichojificha chini yake, kwa maana hapo ndipo utakapoiona rangi ya awali na kujua jua limekula kiasi gani. Rangi ya kitambaa haifuniki kama rangi ya ukuta. Hujumlishwa juu ya ile iliyopo, kwa hiyo sehemu iliyopauka itabaki imepauka kuliko jirani yake, isipokuwa ukichagua rangi iliyokolea zaidi. Mishono ya uzi wa poliesta haitabadilika hata kidogo.

Nakiri kwamba madoa ya jasho bado hunishinda. Huiosha kofia kwa sabuni na maji ya moto, hudondoshea tone la maji juu ya utepe kuona kama linanywewa upesi, na bado mara nyingine, baada ya kutia rangi, mstari hafifu hujitokeza palepale. Vilevile, kwa rangi nyepesi nimewahi kupunguza chumvi hadi nusu ya kipimo kinachoelekezwa, na macho yangu hayakuona tofauti.

Ile kofia nyeusi, kwa kuwa mdomo wake ni wa plastiki, niliiosha mpaka ikaacha kuchuja, nikaichovya upya kwa rangi ya reaktivu, nikaongeza magadi na kuigeuzageuza kwa saa nzima. Maji yalitoka maangavu katika suuza ya saba, na kitambaa cheupe nilichoisugulia ikiwa mbichi hakikupata doa.