Kukuza mfanyakazi: maana yake ndani ya kiwanda

Hapa Lubumbashi, ukimuuliza mtu kama kampuni yake inakuza wafanyakazi, mara nyingi atakutajia semina. Walikaa ukumbini siku tatu, wakapewa daftari na soda, na siku ya mwisho wakapiga picha kila mtu na cheti chake mkononi. Semina si kitu kibaya. Ila neno lenyewe, kukuza mfanyakazi, ni zito kuliko hapo. Ni kampuni kupanga kwamba mtu huyu, mwaka hadi mwaka, ataachiwa kazi ngumu zaidi na maamuzi makubwa zaidi, na cheo na mshahara vitamfuata. Kwa hiyo mimi hupima kwa swali moja: mfanyakazi huyu leo anaachiwa nini ambacho mwaka jana hakuachiwa?

Maana hiyo niliipata katika kiwanda cha kusaga mahindi, ile bunga (unga) tunayosongea bukari, yaani ugali. Nilianza kwa kushona midomo ya magunia. Siku moja mzee wa matengenezo akaniita kwenye mota ya kinu, akaweka ncha ya bisibisi pale rulma inapokaa, yaani beringi inayobeba mhimili, na mpini akaugusisha mfupa wa nyuma ya sikio langu. "Unasikia nini, mwanangu?" Nikasikia mvumo mmoja ulionyooka. Akanipeleka mota ya pili. Pale mvumo ulikuwa kama una changarawe ndani. Hakunieleza zaidi. Aliniachia bisibisi, akasema kila asubuhi nizungukie mota zote nimletee habari. Miezi miwili nilimletea habari na yeye akaenda kuhakikisha. Kisha mota ndogo akaacha kuzihakikisha. Mshahara ulichelewa sana kunifuata, na hilo lilikuwa kosa la kampuni, lakini siku ile nilijua kwamba nimepanda.

Kwenye makaratasi, ngazi ya kazi ya Kongo inajulikana. Chini kabisa yuko manevre, yaani kibarua wa kazi za mikono. Juu yake anakuja mfanyakazi maalumu, mwenye ujuzi nusu, mwenye ujuzi kamili, mwenye ujuzi wa juu, halafu metrize wanaosimamia ekipi (kikundi cha kazi), na juu yao kadre, yaani mameneja na wakuu. Kima cha chini cha mshahara hupangwa kwa madaraja hayo, kwa hiyo mfanyakazi ana haki ya kujua yuko daraja gani na anakosa nini ili afike linalofuata. Wengi hawajui. Wanajua namba yao ya kazi na jina la shefu.

Tatizo kubwa zaidi liko chini ya ngazi, kwa jurnalye, kibarua wa kutwa. Mtu anayechukuliwa getini kila asubuhi hakuna anayempangia mwaka kesho, kwa sababu hata kesho yenyewe haijapangwa. Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ililiona hili. Inasema jurnalye aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Muda wa majaribio nao una mpaka: mwezi 1 kwa manevre asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Shefu anayemwambia kijana apumzike ikifika siku ya 21 anadhani ameiokolea kampuni gharama. Kumbe ameutupa mwezi mzima wa mafunzo, maana kijana alikwisha kuzoea mashine, na atakayekuja kesho ataanza tena na kuonyeshwa swichi ya kuzima iko wapi.

Mji wetu una sababu yake ya kuchanganya kukuza na kubakiza. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, na tanuru la shaba la Lubumbashi likawashwa mwaka 1911. Miaka ya mwanzo wafanyakazi waliletwa kwa mikataba ya miezi michache, wengi kutoka mbali, wakichoka wanarudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili njia: mikataba ya miaka 3, mke aje, watoto wazaliwe kambini, shule iwepo, hospitali iwepo, posho igawiwe. Watu wakaiambia kampuni maneno ambayo wazee wetu wanayasema mpaka leo: njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines iliyarithi malezi hayo.

Mtu aliweza kukaa miaka 30. Lakini kukaa ni jambo moja na kukua ni jambo jingine. Wakati wa ukoloni, kazi za uinjinia na uongozi wa juu zilikuwa za Wazungu, na Mkongo, hata awe hodari namna gani, aligonga dari mapema. Kampuni ilimtaka asiondoke, haikumtaka achukue kiti cha bosi. Nasema hivyo nikikiri upande wa pili, kwa sababu ni kweli: karakana na shule za ufundi za kampuni zilitoa wachomeleaji, mafundi umeme na waendesha tanuru ambao Katanga nzima inawategemea hata sasa. Mgodi wa Kamoto wa Gécamines ulipoporomoka mwaka 1990 na uzalishaji ukashuka, kutoka tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, baba na mama wakashindwa kulisha. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Siku ya namna hiyo tofauti inaonekana. Aliyekuzwa anatoka na kitu ambacho karakana nyingine itakinunua. Aliyebakizwa tu anatoka na hesabu ya miaka.

Sasa kukuza kunafanyikaje, kwa mikono? Njia iliyojaribiwa sana viwandani ni rahisi hata kuieleza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa TWI (Training Within Industry, mafunzo ndani ya kiwanda), uliofundisha wasimamizi hatua nne: mtayarishe mwanafunzi, muonyeshe kazi, mwache ajaribu mbele yako, kisha mfuatilie. Mashefu wengi wanaishia hatua ya pili. Wanaonyesha haraka haraka, wanauliza "umeelewa?", kijana anasema ndiyo kwa heshima, na jioni mkanda umekatika.

Viwanda vingi pia hubandika ukutani jedwali la ujuzi. Majina yako upande mmoja, mashine upande mwingine, na kwenye kila kisanduku cha jedwali kuna duara lililogawanywa robo nne. Robo ya kwanza ni anajifunza, ya pili anafanya akiangaliwa, ya tatu anafanya peke yake, ya nne anafundisha wengine. Naipenda hiyo robo ya nne. Inamfanya mzee asifiche ufundi wake akiogopa kwamba kijana atamchukulia nafasi, kwa sababu kufundisha kwenyewe kumekuwa daraja.

Lakini kupanda kusiwe na mlango mmoja. Hapa kwetu mtu akifanya vizuri anafanywa shefu wa ekipi, hata kama moyo wake uko kwenye chuma. Anaanza kujaza fomu za ruhusa na kusuluhisha ugomvi wa zamu, na kuchomelea mabomba kunabaki kwa mtu ambaye mkono wake bado unatetemeka. Kampuni yenye busara inaweka ngazi mbili: moja ya uongozi, nyingine ya ufundi, ambapo mchomeleaji anaweza kupanda mpaka mshahara wake ulingane na wa shefu bila kuacha kushika koleo. Hii ni gharama, najua. Ila kumpoteza fundi wa miaka 15 anayevutwa na mgodi wa Kolwezi ni gharama isiyoandikwa kwenye daftari lolote.

Kwa upande wa serikali ipo INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Waajiri huichangia sehemu ya jumla ya mishahara, na makampuni makubwa hutoa asilimia ndogo kuliko madogo. Maana yake pesa ya kumfundisha mfanyakazi wako imekwisha kutoka mfukoni mwako. Muulize mkubwa wa wafanyakazi mara ya mwisho alipopeleka mtu ni lini. Na mfanyakazi akiondoka, sheria inamdai mwajiri ampe hati ya kazi inayosema alifanya kazi gani na kwa muda gani. Hati hiyo haitataja kwamba unajua kusikiliza rulma. Kwa hiyo omba nakala ya jedwali la ujuzi lenye sahihi ukiwa bado ndani, wakati shefu anakujua.

Yule mzee wa kinu hakuwahi kuniambia kwamba nimehitimu. Mwaka wa tatu, Jumamosi moja, mota kubwa ilianza kunguruma. Nikaenda kumwita. Akaja, akasikiliza kwa bisibisi, akanipa bisibisi na ufunguo wa kabati la spea, akaenda kukaa juu ya gunia la bunga akiipa mota mgongo, akaanza kumenya karanga.