Je, wajua? Diski ya mgongo "ikichomoka" hairudishwi, inaliwa

Swali lenyewe ni hili: diski ya mgongo, kile kitu kinachokaa kati ya pingili na pingili, ikishachomoka, inarudije mahali pake? Mi kwa miaka nilikua na jibu, tena la kujiamini kabisa, kwamba anatafutwa mtu anaibonyeza inarudi kama droo iliyotoka kwenye reli, na asipopatikana basi unapasuliwa. Jibu lilikua bovu mwanzo mpaka mwisho. Kipande cha diski kikishatoka nje ya ukuta wake hakirudi ndani. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mwili wa mwenye mgongo unakila, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, na kichekesho ni kwamba lile pande kubwa la kutisha kwenye picha ndo lina nafasi nzuri ya kuliwa kuliko kauvimbe kadogo.

Nilianza kulifuatilia baada ya ba'mdogo kunyanyua mtungi wa gesi, ule mkubwa wa mgahawani, kainama huku kajisokota, kiuno kikashika hapohapo. Kesho yake maumivu yakashuka takoni, nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, mpaka kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikawa ganzi tupu. Akapelekwa kwa mzee mmoja anayekanda watu. Mzee akamlaza kifudifudi kwenye mkeka, mafuta ya nazi, akamshika kiuno akamzungusha, ikalia "kwa!", akasema hiyo imerudi. Ba'mdogo akasema hata yeye kaisikia ikirudi. Mi nilikua mlangoni, sauti niliisikia, nikaamini.

Tuanze na hiyo sauti basi. Nyuma ya mgongo, kila pingili inaungana na mwenzake kwa viungo vidogo viwili, kushoto na kulia, vyenye maji ya kulainisha kama viungo vya vidole vya mkono. Ukivivuta ghafla, presha mle ndani inashuka na gesi iliyokua imeyeyuka kwenye yale maji inajitenga ghafla, ndo mlio wenyewe. Ni mlio uleule wa kuvunja vidole ukiwa darasani mwalimu akakukata jicho. Diski haikuhusika.

Alafu kuna hili neno, linatudanganya sana. Tunasema diski imehama, imechomoka, Waingereza nao wanasema imeteleza, na kichwani inakuja picha ya sahani iliyosogea kwenye rundo la sahani. Sasa nenda buchani ukaombe mgongo wa mbuzi, afu mwangalie muuzaji anavyofanya. Havuti pingili kwa mkono zikaachana, anapiga shoka, na pale mfupa unapokutana na mfupa unaona kitu cheupe, kigumu kama soli ya raba, kimeng'ang'ania juu na chini. Ndo diski hiyo. Nyuzi zake zimezama ndani ya mfupa kama mizizi. Wataalamu wakichukua pingili na diski yake wakazikandamiza kwenye mashine mpaka kitu kishindwe, mara nyingi kinachopasuka kwanza ni uso wa mfupa, diski iko palepale. Hiyo kitu haitelezi kwenda popote, na kidole gumba cha mtu hata kama ana nguvu za kubeba magunia bandarini hakiifikii, maana kati ya ngozi na diski kuna misuli minene, mifupa na mfereji wenyewe wa mishipa ya fahamu.

Nimekaa sana hapa najua, ila niliamini huu upuuzi muda mrefu na bado una wenyewe.

Diski tunazo 23, kwenye pingili mbili za juu kabisa za shingo hamna. Nje kila moja ina ukuta wa matabaka kama 15 mpaka 25, nyuzi za tabaka moja zimelala huku na za linalofuata zimelala kule, kama ukili wa mkeka unavyopishana. Katikati kuna kiini chenye utelezi kinachopenda maji, usiku umelala kinayanyonya, mchana uzito wa mwili unakikamua, ndo maana asubuhi unakua mrefu kuliko jioni kwa kama sentimita moja hivi. Shida inaanza ukuta ukichanika, na haichaniki siku moja, mtungi wa gesi ulimkuta ba'mdogo na ukuta uliochakaa tayari. Kiini kinapenya. Madaktari wa upasuaji wanaovitoa hivi vipande wanasema vinafanana na nyama ya kaa, nyeupe ya nyuzinyuzi, na zamani watu walivitoa wakidhani ni uvimbe wa gegedu, ile laini-ngumu kama ya sikio, uliojiotea, mpaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walipoandika wazi kwamba hivi vitu vinatoka kwenye diski.

Sa tuje kwenye kuliwa. Kile kiini hakina mshipa hata mmoja wa damu, chakula chake kinapenyezwa taratibu kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake. Na kwa sababu damu haifiki, askari wa kinga ya mwili, ambao wanasafiri kwa damu, hawajawahi kukutana nacho. Fikiria mtaa una nyumba moja yenye ukuta mrefu, geti halijafunguliwa tangu kabla mtaa haujapimwa viwanja, chakula kinapitishwa kwenye tundu. Ndani kuna mtu anaishi zake kwa amani. Sungusungu wanazunguka kila usiku, sura za mtaa mzima wanazijua, isipokua ya huyo tu. Siku ukuta ukibomoka jamaa akajikuta barabarani saa nane usiku, we unadhani itakuaje? Kazaliwa palepale, ana haki zote, ila hana wa kumtambulisha. Filimbi inapigwa.

Filimbi ni kemikali. Zikishatoka, mishipa midogo mipya ya damu inaota kukizunguka kile kipande, yani sungusungu wanajichongea njia, na kupitia humo zinakuja seli za kula mabaki, makrofaji, zinazomwaga vimeng'enya vya kukatakata zile nyuzi kisha zinameza vipandevipande. Hii unaweza hata kuiona, mgonjwa akichomwa dawa ya kung'arisha kabla ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kipande kilichozungukwa na damu mpya kinaonekana kina pete inayong'aa, na vyenye pete nene ndo huwa vinapungua zaidi. Wakati huohuo kipande chenyewe kinakauka kwa sababu kimepoteza maji, kama ute wa bamia uliosahaulika pembeni ya sahani, kwa hiyo kingepungua kidogo hata bila kuliwa.

Ukishaielewa filimbi, ile ajabu ya kubwa kuliwa upesi inajieleza. Mtu aliyeegemea ukuta kwa ndani mpaka ukuta ukabinuka barabarani, hajaonekana na mtu. Sungusungu wanapita wanaona ukuta umepinda, basi. Aliyetoka mzima mzima ndo anakamatwa. Uchambuzi mmoja wa 2015 uliojumlisha tafiti kadhaa ulikuta kwamba vipande vilivyokatika kabisa na kuelea vilipungua vyenyewe kwa asilimia 96 ya wagonjwa, vilivyopenya nje bila kukatika asilimia 70, vilivyobinuka huku ukuta wa nje ukivishikilia 41, na diski iliyovimba tu pembeni 13. Kupotea kabisa kabisa ni kwa wachache zaidi, 43 kwa vilivyokatika na 15 kwa vilivyopenya. Hizo namba zishike kwa tahadhari, tafiti zenyewe ni ndogo ndogo, na aliyezidiwa akapasuliwa mapema hahesabiki humo, kwa hiyo zinapendeza kuliko hali halisi ya wodini.

Na filimbi ina gharama. Mi nilidhani maumivu ya mguu ni kubanwa tu, kama kukanyaga bomba la maji. Mwaka 1993 watafiti wa Sweden walichukua kiini cha diski ya nguruwe wakakipaka kwenye mizizi ya mishipa yake ya fahamu, kupaka tu bila kubana chochote, na mishipa ikapunguza kasi ya kupitisha taarifa. Maana yake zile kemikali zenyewe zinauwasha mshipa. Hii inasaidia kuelewa kwa nini kuna watu wana pande kubwa kwenye picha na wanacheza mpira, na mwingine ana kadogo na hawezi kuvaa soksi. Jaribio la 1994 la Marekani lilipiga MRI watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyovimba walau sehemu moja. Kwa hiyo ukisoma ripoti yako mwenyewe usiku kwenye simu, kabla ya kuanza kugawa urithi, kumbuka hao.

Ba'mdogo alikuja kwenda hospitali. Daktari akaibandika picha kwenye boksi la taa, diski ya mwisho kabisa kwa chini, kipande kimetoka na kinaning'inia. Hakuanza na picha lakini. Alimwambia simama kwa vidole vya mguu wa kulia, akasimama. Kushoto, kisigino hakikunyanyuka. Ule mshipa unaopita hapo ndo unaoendesha misuli ya shavu la mguu na ngozi ya upande wa kidole kidogo, hesabu ikakubali. Nikategemea tarehe ya upasuaji, akasema dawa za maumivu, fizioterapia, usilale kitandani kutwa, tuonane wiki sita, mguu ukizidi kulegea uje siku hiyohiyo. Niliona kama anatufukuza. Kumbe Waholanzi walishalijaribu hili, wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu, wengine wakapasuliwa mapema wengine wakasubirishwa, matokeo yakatoka 2007. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, hilo halina ubishi, lakini baada ya mwaka pande zote mbili kama 95 kwa 100 walisema wamepona. Ila katika waliosubirishwa, 39 kwa 100 waliishia kupasuliwa, kwa hiyo kusubiri nako sio uchawi.

Na kuna wasiotakiwa kusubiri hata saa moja. Ukianza ganzi sehemu unazokalia baiskeli, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila taarifa, choo hakijulikani, au miguu inazidi kulegea, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, mishipa ya chini yote imebanwa na hapo upasuaji hauna mjadala. Na mgongo unaouma wiki na wiki pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huku kwetu daktari lazima awaze TB ya mgongo, na hiyo inatibiwa kwa dawa za TB.

Kama mwili unakula diski kwa vimeng'enya, kwani tusiupelekee vya ziada? Wamejaribu, tena kwa papai. Mama zetu wanajua nyama ngumu inawekewa papai bichi. Mwaka 1956 Mmarekani Lewis Thomas aliandika kwamba ukimdunga sungura papaini, kimeng'enya cha papai, masikio yake yanalala chali kama kitambaa kilicholowa kwa sababu gegedu inalegea, afu siku chache baadae yanasimama tena. Miaka ya 60 daktari Lyman Smith akachukua kimeng'enya kingine cha papai akakidunga ndani ya diski za wagonjwa, na 1982 Marekani ikakiidhinisha. Kiliyeyusha kweli. Ila wachache walipata mzio mkali wa kuua na wachache zaidi wakapooza, watu wakakiogopa, kikaondoka sokoni. Japani 2018 iliidhinisha kingine cha kufanana, hicho kinatoka kwa bakteria. Masikini sungura, maana kuna jaribio la 1998 pia waliwekewa vipande vya diski kando ya uti wa mgongo wakadungwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na dozi kubwa ikachelewesha ule mlo. Kwa sungura lakini, usije ukaacha dawa za daktari kwa ajili yake.

Ba'mdogo nilipomsimulia haya kitu alichosikia ni papai tu. Nikamweleza kile kimeng'enya chake kikipita tumboni kinameng'enywa kama protini nyingine yoyote, hakifiki mgongoni, akasema sawa, na mpaka leo anakula papai kila asubuhi na limao.

Wiki ya kumi na moja alisimama kwa vidole vya mguu wa kushoto mara kumi, tunahesabu wote ukumbini. MRI ya pili hajapiga, hela yenyewe ya nini wakati anatembea, kwa hiyo kile kipande huenda kimeliwa, huenda kimejikalia humo kimya. Mzee wa kukanda anasema alikirudisha yeye.