Lundo la makombe si ushahidi wa njaa

Juzi nimeulizwa tena, na mtu msomi: "Hao wawindaji wa pwani kame walikuwa na dhiki kiasi gani hata wakaishia kula kome?" Anawasema watu wa kale wa pwani ya magharibi ya kusini mwa Afrika, walioacha malundo ya makombe, yaani magamba ya kome waliowala. Kwa miaka mingi nimelijibu swali hili kwa upole na kwa ufupi. Upole umebaki, ufupi umeisha.

Bahari kwanza, haraka haraka. Pwani ya magharibi ya kusini mwa Afrika ni kame kwa sababu ileile inayoijaza bahari yake chakula. Upepo wa kusini husukuma maji ya juu mbali na nchi, na maji baridi ya kilindini hupanda yakiwa na rutuba. Huo ndio mkondo wa Benguela. Baridi yake huzaa ukungu, mvua hakuna: Walvis Bay, mji wa pwani ya Namibia, haufikishi hata milimita 25 kwa mwaka wa kawaida. Lakini miambani kuna kome, kambakoche, ndege na sili. Kilichowabana watu huko ni maji ya kunywa. Vipande vya mayai ya mbuni vyenye michoro vya Diepkloof, pango la Afrika Kusini, vya takriban miaka 60,000 iliyopita, tunavisoma kama mabaki ya vyombo vya kubebea maji.

Sasa makombe yenyewe. Gamba la kome hudumu maelfu ya miaka. Kiazi cha porini kikishaliwa hakiachi kitu, labda maganda makavu pangoni. Kome hufika kambini na gamba lake; nyangumi aliyekwama ufukweni anaweza kushibisha kambi nzima na usiuone hata mfupa wake mmoja kwenye chekeche la wachimbaji. Kwa hiyo ukipima lundo kwa kilo umepima kilichogoma kuoza. Kokotoa nyama badala ya magamba, na sili mmoja mchanga atazidi makapu kwa makapu ya kome. Bado nasoma ripoti zinazotoa asilimia za uzito wa makombe kana kwamba ndizo asilimia za mlo. Inaniudhi, kwa sababu waandishi wake wanajua tofauti.

Kisha huja mtu na kusema isotopu, yaani aina za kaboni mfupani zinazodokeza mtu alikula nini, zimemaliza ubishi wa kama watu hao walihamahama kati ya pwani na bara. Hazijamaliza. Mwanaakiolojia John Parkington alikuwa na hoja kwamba watu walewale walikaa pwani wakati wa baridi na milimani wakati wa kiangazi. Ushahidi wake mmoja ni mataya ya sili ya Elands Bay Cave, pango la pwani hiyo: sili huzaliwa Novemba na Desemba, na wengi wa wale waliokutwa pangoni walikufa wakiwa na miezi kama tisa, yaani Agosti hivi, wakati wa baridi huko. Tena kiangazi ndipo bahari ya huko hugeuka nyekundu na kome kuwa sumu. Mwaka 1985 Judith Sealy na Nikolaas van der Merwe wakachapisha vipimo vya kaboni: mifupa ya waliozikwa pwani ilionyesha mlo wa baharini, ya waliozikwa bara mlo wa nchi kavu. Basi hawakuhama, wakasema wengi.

Polepole. Kolajeni, ile sehemu ya mfupa inayopimwa, hujengwa zaidi kwa protini ya chakula. Anayepata protini kwa kome na sili, na nguvu ya mwili kwa viazi vya watsonia, mmea wa porini, mfupa wake utamwonyesha kama mla bahari. Na viazi au mafuta ilikuwa lazima ale, maana mwili haustahimili protini tupu. Lakini nisiwapendelee wa upande wa Parkington: taya la Agosti linathibitisha kwamba Agosti watu walikuwapo. Kuhusu Januari halisemi lolote.

Malundo makubwa kabisa, ya kati ya miaka 3,000 na 2,000 iliyopita, ndiyo yanayoninyima usingizi. Yamejaa kome weusi, mifupa michache. Kwa muda mrefu nilikubali kwamba kome walikaushwa hapo na kupelekwa bara. Siku hizi nasita. Nyama kavu husafiri bila gamba, kwa hiyo dhana hiyo inatabiri kwamba bara hatutakuta kitu, na kweli hatukuti kitu. Dhana inayolishwa na kutokuonekana kwa ushahidi siiamini sana, hata ikiwa yangu. Mwanaakiolojia Antonieta Jerardino ametetea kwamba watu waliishi pale pale pwani muda mrefu zaidi, na kila nikirudi kwenye tabaka zile namwona ana nguvu kuliko nilivyokiri.

Mwisho, kina cha bahari. Miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini kwa mita zipatazo 120, na Elands Bay Cave, ambayo leo iko karibu na mawimbi, ilikuwa makumi ya kilomita kutoka ufukweni. Katika tabaka zake makombe huongezeka kadiri maji yanavyolisogelea pango. Wanafunzi huandika kwamba hapo "watu walianza kula vya baharini". Neno "walianza" nalikata kila mara. Kambi nyingi za ufukweni za kabla ya hapo ziko chini ya maji.