Je, wajua kwa nini televisheni hukata kingo za picha ya kompyuta?

Umechomeka kebo ya HDMI, picha ya kompyuta imetokea kwenye televisheni, ila saa ya kwenye kona ya chini haionekani na alama ya kufungia dirisha imeliwa nusu. Jibu linalokuja haraka ni kwamba resolusheni imekosewa. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa naishusha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, nikidhani picha itapungua ienee ndani ya fremu. Haikuenea. Herufi ziliingia ukungu, na kona zikabaki zimekatwa vilevile.

Nilichanganya resolusheni na ukubwa wa picha. Resolusheni ni idadi ya nukta, yaani pikseli, zinazotumwa na kompyuta. Ukituma chache, televisheni inazitanua zijaze kioo kilekile, kisha inakata kingo kama kawaida yake. Kebo nayo husingiziwa bure. Kebo mbovu ya HDMI huleta madoa yanayometameta, picha inayokatikakatika au giza kabisa. Haiwezi kupunguza picha sawasawa pande zote nne. Ukiona imekatwa kwa usawa namna hiyo, jua kuna kifaa kinachokata kwa makusudi.

Kifaa hicho ni televisheni yenyewe, na tabia hiyo imeirithi kwa runinga za chogo. Ndani ya chogo, mwale wa elektroni ulichora picha mstari kwa mstari, na ukubwa wa mchoro ulibadilika kidogo umeme ulipoyumba au vipuri vilipochakaa. Kwa hiyo watengenezaji waliifanya picha iwe kubwa kuliko kioo, ukingo wake ujifiche nyuma ya fremu. Televisheni bapa haina mwale, lakini nyingi zimeendelea kukata.

Madhara yake hayaishii kwenye kona. Fikiria sakafu yenye vigae 1920 kwa upana, nawe umeleta rangi 1920, kila kigae na yake. Fundi anatupa rangi 48 za kushoto na 48 za kulia, halafu anataka 1824 zilizobaki zitoshe vigae vyote. Sasa kila vigae 20 vinagawana rangi 19. Hakuna njia ila kuchanganya rangi za jirani. Kiasi kinachokatwa hutofautiana kati ya televisheni na televisheni, ila uchanganyaji ni uleule. Kwenye sura ya mtu hutaugundua. Itazame herufi l kwa karibu: kijiti cheusi chenye upana wa pikseli moja kinageuka vijiti viwili vya kijivu.

Dawa basi iko kwenye rimoti. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta ukubwa wa picha, uchague hali isiyokata: LG huiita "Just Scan", Samsung "Screen Fit", Sharp "Dot by Dot". Ikikosekana, jaribu kuipa HDMI unayotumia jina la PC. Baadhi ya televisheni huacha kukata zikiona jina hilo. Kisha rudisha kompyuta kwenye resolusheni ya kioo chenyewe.

Programu ya kadi ya picha, yaani kipuri cha kompyuta kinachotengeneza picha, pia inaweza kuibana picha hadi kona zirudi, lakini napenda ibaki kuwa njia ya mwisho. Kompyuta inabana, televisheni inatanua, na rangi zinachanganywa mara mbili.

Angalizo moja: baadhi ya televisheni hupokea 1920 kwa 1080 wakati kioo chake kina pikseli 1366 kwa 768 tu. Hapo kona zitarudi, ila herufi ndogo hazitakuwa kali kabisa.

Kuhakiki, fungua picha ya mistari myeusi na myeupe inayopishana, kila mmoja upana wa pikseli moja, uionyeshe kwa ukubwa wake halisi. Ikionekana sawa kioo kizima, hakuna kilichokatwa. Ukiona mapande ya kijivu yanayojirudia, bado televisheni inatanua.