Kwa nini nakataa mzigo wako pale Luano

Wadogo zangu wengi hapa Lubumbashi wananiuliza kazi ya ndege inataka nini, wanafikiri nitawaambia hesabu na Kiingereza. Sawa, hivyo vinasaidia, lakini mimi niko upande wa upakizi, ndiye ninayetengeneza karatasi ya mzigo kabla ndege haijaondoka, na kitu cha kwanza ninachoangalia kwa kijana mpya ni kama anaweza kumwambia mtu mkubwa "hapana, papa" kwa heshima na asirudi nyuma.

Ngoja nieleze, juu wengi wanaona mambo ya kilo ni njia tu ya kulipisha watu bagaji.

Luano, kiwanja chetu cha ndege hapa Lubumbashi, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi tayari, na joto likipanda inakuwa nyepesi zaidi. Chukua mchana wa mwezi wa kumi, mvua bado haijashika, joto digrii 33: ukipiga hesabu, kwa bawa na moteri ni kama kiwanja kiko mita zaidi ya 2,200. Kwa hiyo ndege lazima ikimbie pisti (njia ya kurukia) ndefu zaidi ndio iinuke, na ikishainuka inapanda polepole. Ndege ileile, mzigo uleule, alfajiri inaondoka vizuri, saa nane mchana unaambiwa punguza. Komanda, yaani rubani mkuu, hajakuchukia, ni hewa hiyo. Wenzetu wa Goma na wa Kavumu kule Bukavu wako juu kutupita, wanaijua vizuri.

Sasa ule mfuko wa makayabu, samaki wa chumvi. Umeandikwa kilo 50 na mwenyewe anaapa, tunauweka kwa balansi, inasoma 61. Mifuko 40 ya namna hiyo ni kilo 440 ambazo haziko kwa karatasi, yaani kama watu watano sita wamepanda na hakuna aliyewaona. Na komanda anachukua spidi yake ya kuruka kutoka kwa uzito nilioandika mimi, nikidanganya basi spidi yake nayo ni ya uongo na yeye hana habari. Ndio maana mvua ikinyeshea mzigo tunaupima tena, hata kama ulipimwa jana, maji nayo ni kilo.

Halafu kuna mahali unapouweka, na kamba. Bagram, Afghanistan, tarehe 29/4/2013, Boeing 747 ya mizigo ilikuwa imebeba magari ya jeshi, ikaondoka, mzigo ukakatika ukarudi nyuma ukavunja vyombo vya kuongozea mkia, watu wote 7 wakafa. Ukimwona kijana wangu anavuta kila kamba kwa mkono, hata ile mwenzake ameshaivuta, usimpigie kelele kwamba anachelewesha.

Kwetu hapa nchini tuna kiwanja cha Ndolo, Kinshasa, tarehe 8/1/1996. Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ikashindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti ikaingia sokoni Simbazikita, wakafa watu zaidi ya 200, na karibu wote walikuwa pale sokoni, hawakuwa na tiketi. Mimi nikisikia mfanyabiashara anasema "ni mzigo wangu, hatari ni yangu" nakumbuka wale wamama wa soko.

Presha ipo, siwafichi. Simu ya patro (bosi) inaita, mteja amesimama pembeni, kuna mtu anajitaja ni ndugu wa nani. Namjibu tu: mkubwa wangu, mfuko huu utaenda na ndege ya kesho, na ninaandika saa na sababu.

Jambo moja linaniuma sana, ni kampuni kumfukuza kijana aliyekuja mwenyewe kusema amekosea namba. Ukimfukuza huyo, wengine kumi watanyamaza. Aliyekosea na akasema, mrekebishe, angalieni pamoja kosa lilipitia wapi. Aliyeandika uongo akijua, huyo ndiye wa kumtoa. Usiwaweke wawili hao kapu moja.

Kwa hiyo ukienda kuomba kazi, wewe pia uwaulize: balansi ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na mimi mpakiaji nikisema mzigo haupandi, ni nani ana haki ya kunipindua? Jibu la pili lazima liwe hakuna, mpaka upimwe upya. Wakicheka swali lako, endelea kutafuta kwingine, hata kama mshahara ni mzuri.