Je, wajua kwa nini AC ya gari la zamani haipokei gesi mpya hivi hivi?

Una Mercedes-Benz W123 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini bado inawaka kwa ufunguo mmoja, ila AC inapuliza joto. Fundi anakwambia gesi imekwisha. Anachomeka mtungi, baridi inarudi, unalipa, unaondoka na vioo vimefungwa. Baada ya muda kompresa, pampu inayosukuma gesi, inaanza kukoroma, halafu siku moja inakwama kabisa. Watu husema gesi mpya ndiyo iliyoiua. La. Kilichoiua ni ukavu.

Kompresa nyingi za AC ya gari hazina sampu, yaani bakuli la oili, kama ya injini. Oili yake husafiri ndani ya mabomba pamoja na gesi: inatoka kwenye kompresa, inapita kondensa inayotoa joto nje, inaingia evaporeta, inayoleta baridi, ndani ya dashibodi, inarudi. Magari ya wakati ule yalitumia gesi iitwayo R-12 na oili ya madini, na viwili hivyo vilichanganyika kama sukari na chai. Gesi ilipokwenda, oili ilikwenda nayo.

Gesi iliyokuja baadaye, R-134a, haielewani na oili hiyo. Ni maji na mafuta ya taa. Gesi inazunguka peke yake, oili inabaki imetuama kwenye evaporeta na kwenye mikunjo ya mabomba, na kompresa inasaga chuma kwa chuma. Baridi unaipata, tena safi kabisa, na ndiyo maana mtu hashtuki mapema.

Mbona R-12 iliondolewa, kama ilifanya kazi vizuri hivyo? Kwa sababu ya klorini yake. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za aina hii hupanda hadi juu angani, zinavunjwa na mwanga wa jua, na klorini inayotoka hula tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987. Nchi tajiri zilisimamisha utengenezaji mwishoni mwa 1995. Nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, zilipewa hadi 2010. R-134a haina klorini hata chembe.

Kwa hiyo kazi ya kubadilisha huanzia kwenye oili. Gesi ya zamani iliyobaki hunyonywa kwa mashine, haiachiliwi hewani. Kompresa inafunguliwa, oili kuukuu inamwagwa, mabomba yanasafishwa. Kisha inawekwa oili mpya. Magari yaliyozaliwa na R-134a hutumia oili ya kiwandani iitwayo PAG, lakini kwenye gari la kubadilishwa mafundi wengi huchagua oili ya esta, kwa sababu inavumilia mabaki ya ile ya madini. Zote mbili zina tabia ya chumvi wakati wa masika: ukiacha kopo wazi, zinavuta unyevu. Kopo lililolala wazi usiku kucha halifai tena.

Unyevu huo ukikutana na gesi huzaa asidi inayokula mabomba kwa ndani. Ndiyo kazi ya draya, kopo dogo lenye punje za kufyonza maji, nalo lazima libadilishwe: punje za zamani hazikutengenezwa kwa gesi hii. Oringi pia, zile pete za mpira za kwenye viungo, maana zile kongwe zimeshakakamaa. Mipira mirefu ya AC, ajabu yake, mara nyingi inaweza kubaki kama haijapasuka. Miaka mingi ya kulowa oili imeifanya izibe vitundu vyake yenyewe.

Baada ya hapo pampu huvuta hewa yote, nusu saa au zaidi, ili maji yaliyojificha yageuke mvuke na kutoka. Fundi anayeruka hatua hii mtoroke.

Kisha gesi, na hapa wenye magari huhisi wamepunjwa. Kama mfumo ulichukua kilo 1 ya R-12, R-134a huwekwa gramu 800 hadi 900 tu. Kwenye joto kali gesi hii hupandisha presha kuliko R-12, na kondensa ya zamani haikupimiwa mzigo huo. Ukijaza hadi kilo, siku ya foleni ya Dar saa nane mchana presha inapaa na baridi inapungua. Gari likitembea, upepo unaisaidia kondensa. Likisimama, linategemea feni. Feni ikiwa dhaifu, ishughulikie kwanza.

Wapo wanaoshauri gesi ya kupikia, kwa kuwa ni rahisi na inapoza kweli. Inapoza. Ila evaporeta iko mbele ya magoti yako, na ikivuja, inavujia ndani ya gari.

Vinywa vya kujazia navyo hubadilishwa. Vya R-12 ni vya kukaza kwa nyuzi, vya R-134a ni vya kubofya, na vilitofautishwa makusudi ili gesi zisichanganywe. Mwisho fundi abandike karatasi chini ya boneti: gesi gani, gramu ngapi, oili gani, tarehe. Bila karatasi hiyo, atakayelifungua gari hilo baada yako ataona W123, na mkono wake utaenda kwenye oili ya madini.